Mbele ya kununua ao kupandisha imbwa, uliza kwanza wazazi wake

Katika muji wa Bunia, imbwa ya kulinda parsele inatafutwa sana. Usalama ni kidogo tangu miaka mingi, wezi wanapita usiku, na mutu mwenye iko na depo, butike ao nyumba yenye lupango anasema: afazali nipate imbwa kali. Watoto wa imbwa wanaonyeshwa kwa foto kwenye WhatsApp, wengine wanabebwa ndani ya karto pembeni ya barabara, wengine wanaletwa na wafanya biashara wenye wanatoka Uganda. Bei inasemwa kwa dola. Na muuzishaji iko na neno moja tu: "Hii ni berje aleman, ya kweli kabisa."

Shida inaonekana nyuma. Imbwa inafika mwaka moja, inaanza kuchechemea miguu ya nyuma. Ao inaogopa kila sauti, inajificha chini ya meza wakati mwizi anapita. Ao, mubaya zaidi, inauma mutoto wa nyumba. Mwenye imbwa anasema ni bahati mbaya, ao ni chakula. Pengine ni kweli. Lakini pengine mama yake pia alikuwa anachechemea, na baba yake alikwisha kuuma watu wawili katika kartie. Hakuna mutu aliuliza.

Wafugaji wa ngombe wa kwetu hawafanye vile. Uliza muchungaji moja juu ya ngombe yake, atakuambia mama yake ni nani, bibi yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani, na dume gani ilimuzaa. Hakuna karatasi, lakini ukoo unajulikana. Makala hii inaeleza namna gani kutumia akili ile ile kwa imbwa: karatasi ya ukoo ni nini, inasaidia wapi na inashindwa wapi, na mutu wa Bunia mwenye hana karatasi anaweza kufanya nini. Mufano mukubwa tutaukamata hapa kwetu, juu imbwa ya pori za upande wetu ilikwisha kufundisha dunia nzima somo hili.

UKOO NA KARATASI YAKE

Ukoo wa imbwa ni orodha ya wazazi wake: baba na mama, babu na bibi, na wale wa nyuma yao. Kwa wazungu, orodha hii inaandikwa katika kitabu yenye inachungwa na chama. Chama cha kwanza, The Kennel Club, kilianzishwa London mwaka wa 1873, na kitabu yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1874. Wamarekani walianzisha American Kennel Club mwaka wa 1884. Chama chenye kinaunganisha vyama vya inchi nyingi, FCI, kilianza mwaka wa 1911 na makao yake iko Thuin, Ubelgiji. Karibu na sisi, kule Nairobi, kuko East Africa Kennel Club yenye inaandikisha imbwa za ukoo.

Berje aleman yenyewe iko na mwanzo unaojulikana. Mwaka wa 1899, ofisa moja wa jeshi la Ujeremani, Max von Stephanitz, aliandikisha imbwa yenye aliita Horand von Grafrath kuwa namba 1 ya kitabu. Berje yenye iko na karatasi ya kweli, ukipanda nyuma kizazi kwa kizazi, unafika kwenye kitabu ile.

Karatasi ya vizazi 3 inaonyesha majina 14: wazazi 2, babu na bibi 4, na wazazi wao 8. Ya vizazi 4 inaonyesha majina 30. Juu ya karatasi kuko pia jina la chama, namba ya kuandikishwa, tarehe ya kuzaliwa, jina la mutu mwenye alizalisha, na mara nyingi namba ya chipi. Chipi ni kitu kidogo kama punje ya muchele chenye munganga anaingiza chini ya ngozi. Iko na namba 15, na inasomwa kwa mashini.

Hapa Bunia watu wengi wanachanganya karatasi hii na kitabu ya chanjo. Kitabu ya chanjo inasema imbwa ilipata sindano gani na tarehe gani. Munganga wa nyama anaweza kuandika ndani yake "berje aleman" juu mwenye imbwa alimwambia vile. Neno lile haiko ushuhuda wa ukoo. Mutu akikuonyesha kitabu ya chanjo na kukulomba bei ya imbwa ya karatasi, ujue anakuuzishia neno, hakuuzishie ukoo.

Na hata karatasi ya kweli iko na mwisho wake. Inasema nani alizaa nani. Haisemi kama baba alikuwa na miguu mizuri, kama mama alikuwa mupole, kama bibi alikufa na ugonjwa gani. Mambo ile inatafutwa kwa kuuliza. Basenji inaonyesha nini inatokea wakati watu wanachunga karatasi vizuri na wanasahau kuangalia damu.

BASENJI: IMBWA YA UPANDE WETU

Kwetu neno "basenji" ni tusi. Wakati wa ukoloni liliitwa mutu wa kijiji mwenye, kwa macho ya wakubwa, hakujua ustaarabu. Kwa watu wa imbwa ulaya na Marekani, basenji ni jina la heshima: ni imbwa ya Kongo, na kitabu ya FCI inaiweka kwa namba 43.

Mukaaji wa Mambasa ao wa Uele hana lazima ya kuonyeshwa foto. Ni imbwa ya kadiri, nywele fupi, masikio ya kusimama, mukia wa kujikunja juu ya mugongo, makunyanzi kwenye uso, miguu myeupe chini. Haibweke kama imbwa zingine. Inatoa sauti kama mutu mwenye anaanza wimbo. Njo maana wawindaji wa pori ya Ituri, Wambuti na majirani wao, wanaifunga kengele ya muti kwenye shingo: wajue iko upande gani wakati inafukuza nyama kwenye nyavu. Tena jike yake kwa kawaida inatafuta dume mara moja tu kwa mwaka, wakati imbwa zingine nyingi ni mara mbili.

Mwaka wa 1895, Waingereza walionyesha imbwa mbili za namna hii kwenye maonyesho ya Crufts. Zilikufa haraka na ugonjwa wa Carré, juu hazikukuwa na nguvu ya kupigana na ugonjwa ule. Mwaka wa 1936, mama moja Mwingereza, Olivia Burn, aliweza kuleta zingine zenye zilipona na kuzaa, na mwaka wa 1937 watu walijaa Crufts kuziangalia. Kisha zikafika Marekani. Mwaka wa 1959, Mwingereza mwingine, Veronica Tudor-Williams, alienda Sudani ya kusini, karibu na mupaka wa Kongo, akarudi na jike moja yenye aliita Fula. Leo ukikamata karatasi ya basenji yenye kuandikishwa ulaya ao Marekani, karibu kila moja iko na jina la Fula ndani.

Jike moja katika karatasi karibu zote: hapo njo shida inaanza. Basenji zote za wazungu zilitoka kwa imbwa kidogo sana. Vyama vilifunga vitabu: imbwa yenye wazazi wake hawakuandikwa haingie. Karatasi zilikuwa safi, majina yote yaliandikwa, tarehe zote. Lakini kila kizazi kilikuwa kinaunganisha jamaa na jamaa.

Ugonjwa wa kwanza kutokea ulikuwa ule wa kukosa damu. Damu nyekundu inavunjika haraka kuliko mwili unaweza kutengeneza ingine; imbwa inachoka na inakufa ikingali kijana. Miaka ya 1970, labo zilipata njia ya kupima imbwa zenye zinabeba ugonjwa huu bila kuugua. Wazalishaji walifanya kazi nzuri, wakatosha zile zote kwenye kuzalisha. Lakini kwa kutosha imbwa nyingi mara moja, damu yenye ilibaki ikapunguka tena.

Kisha ugonjwa mwingine ukasimama: ule wenye waganga wanaita Fanconi. Figo zinashindwa kurudisha sukari, chumvi na vitu vingine vya mwili, vyote vinatoka na mikojo. Imbwa inakunywa maji sana, inakojoa sana, inakonda, inakufa kama haitunzwe. Ubaya wake ni saa yake: mara nyingi unaonekana wakati imbwa iko na miaka 4 mupaka 8. Kufika pale, imbwa ilikwisha kuzaa, na watoto wake pia wamekwisha kuzaa.

Wamarekani waliona kitabu yao haina jibu. Mwaka wa 1987, Jon Curby na Michael Work walikuja Zaire ya wakati ule, kaskazini, upande wa Uele kwa Wazande, kutafuta imbwa za vijiji zenye hazikukuwa na jamaa katika kitabu ya wazungu. Mwaka wa 1988 safari ikafanyika tena. Wengi wa imbwa zenye zilibebwa walipewa jina la ukoo la Avongara, jina la jamaa ya wafalme wa Wazande. Chama cha basenji cha Marekani kililomba, na mwaka wa 1990 American Kennel Club ilifungua kitabu yake na kuingiza imbwa 14 mupya. Zilileta pia rangi ya mistari yenye ilikuwa haiko kwa basenji za kule. Kitabu ikafunguliwa tena tangu mwaka wa 2009 mupaka mwisho wa 2013. Upande wa labo, mwaka wa 2007 kipimo cha kwanza cha jeni kwa Fanconi kilitoka, na mwaka wa 2011 kingine chenye kinaonyesha kosa lenyewe. Leo muzalishaji anaweza kujua mbele ya kupandisha.

Tufikiri kidogo. Watu wenye vitabu, labo na pesa walivuka bahari kuja kutafuta imbwa za kijiji, zenye hazina hata karatasi moja, juu ya kuponyesha imbwa zenye ziko na karatasi nzuri.

NAMNA GANI UGONJWA UNAFICHAMA

Mutoto wa imbwa anapata nusu ya jeni kwa baba na nusu kwa mama. Magonjwa mengine, kama hii Fanconi, inalomba makosa mbili: moja ya baba, moja ya mama. Imbwa yenye iko na kosa moja tu haiugue. Inakula, inabweka, inalinda, inazeeka muzuri. Lakini inabeba.

Ukipandisha imbwa mbili zenye zinabeba, kila mutoto iko na bahati hizi: 25 kwa 100 ya kuugua, 50 kwa 100 ya kubeba kama wazazi wake, 25 kwa 100 ya kuwa safi. Ukipandisha yenye inabeba na yenye iko safi, hakuna mutoto atakayeugua. Njo maana hakuna lazima ya kufukuza imbwa yote yenye inabeba. Lazima ni kutoziunganisha mbili.

Sasa, wapi imbwa mbili zinaweza kubeba kosa moja? Katika jamaa moja. Kama babu alikuwa na kosa, wajukuu wake wengi wanaweza kuwa nalo, upande wa dume na upande wa jike. Wafundi wanahesabu vile: ukipandisha ndugu na dada wa baba na mama moja, ao baba na binti yake, kila mutoto iko na jeni 25 kwa 100 zenye ni zile zile pande zote mbili. Wa baba moja na mama mbalimbali: 12 na nusu kwa 100. Watoto wa ndugu kwa ndugu: 6 na robo kwa 100. Namba ikipanda, watoto wanazaliwa kidogo, wengine wanakufa mbele ya juma moja, na magonjwa yenye ilikuwa inafichama inatoka inje.

Akili hii haiko ya imbwa tu. Okapi, nyama ya pori yetu, iko katika bustani za nyama za inchi nyingi, na kuko kitabu moja ya ukoo ya dunia yenye inachungwa na bustani ya Antwerp, Ubelgiji. Mbele ya kuunganisha dume na jike, wanafungua kitabu ile kuangalia kama hawako jamaa.

UKITAKA KUNUNUA MUTOTO WA IMBWA

Kanuni ya kwanza: usinunue mutoto, nunua wazazi. Mutoto wa imbwa wa juma 7 anapendeza kila mara. Mama yake njo atakuonyesha namna atakuwa.

Lomba kumuona mama kwa macho yako, nyumbani kwenye anakaa. Muuzishaji akisema mama alikufa, mama iko Mahagi, mama iko Kampala, basi ujue unanunua bila kuona, na bei ishuke ao uache. Ukifika pale, angalia haya:

– Mama anasimama na anatembea namna gani? Mufanye alale, aite, asimame. Imbwa yenye inainuka kwa shida, yenye inaruka na miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, inaweza kuwa na ugonjwa wa nyonga. Ugonjwa huu uko sana kwa berje na kwa imbwa kubwa, na unapita kwa watoto. Kule wazungu wanapiga radio ya nyonga mbele ya kukubali imbwa izae.

– Mama iko na tabia gani mbele ya mugeni? Kubweka ni kazi yake, na jike yenye kunyonyesha inaweza kukasirika. Lakini mwenye nyumba akimwita, anapaswa kutulia. Imbwa yenye inatetemeka ao yenye inauma bila kubweka, usichukue mutoto wake kwa nyumba yenye iko na watoto.

– Alizaa mara ngapi? Watoto wangapi walikufa? Walikufa na nini? Kama kila mara nusu wanakufa, uliza sana juu ya dume.

– Dume ni gani? Iko wapi? Ni jamaa ya mama? Uliza neno hili la mwisho bila haya. Watu wengi katika kartie wanachunga dume na jike ya tumbo moja katika parsele moja, kisha zinazaa, na wanaona haiko shida.

– Watoto wa mara ya kwanza walienda wapi? Hili ni ulizo lenye linafaa kuliko yote. Mutoto wa imbwa hajaonyesha kitu, lakini kaka yake wa miaka 3 amekwisha kuonyesha. Lomba namba ya telefone ya mutu mwenye alinunua kaka yake, umupigie, uende umuone kama iko Bunia.

Kama muuzishaji iko na karatasi, isome pole pole. Namba ya chipi juu ya karatasi inapaswa kuwa ile ile chini ya ngozi. Angalia kama jina moja linarudia upande wa baba na upande wa mama. Likirudia karibu, wazazi ni jamaa. Kisha andikia chama chenye jina lake liko juu ya karatasi, utume namba ya kuandikishwa na foto, uulize kama wanaijua. Fanya hivi mbele ya kulipa. Karatasi yenye haina jina la chama wala namba ni mapambo.

Usikubali mutoto mwenye hajafika juma 8. Anapaswa kunyonya na kujifunza na ndugu zake mipaka ya kuuma.

Kuhusu chanjo, uliza kama mama alichanjwa na lini. Magonjwa ya Carré na parvo inaua watoto wa imbwa haraka. Na kichaa cha imbwa ni hatari ya kila nyumba: chanjo yake inapigwa kwa kawaida kuanzia miezi 3, kisha inarudiwa vile munganga anapanga. Imbwa yoyote ikikuuma, yako ao ya jirani, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku ile ile. Dalili za kichaa zikianza kwa mutu, karibu hakuna mwenye anapona.

UKITAKA KUPANDISHA JIKE YAKO

Hapa kosa la kwanza ni kuchagua dume yenye iko karibu, ao yenye watu wanasifu. Dume yenye kusifiwa iko na hatari yake. Tuseme kuko berje moja muzuri Mudzipela, kila mutu anapeleka jike yake kwake. Kisha miaka mbili, nusu ya berje vijana wa kartie ni ndugu wa baba moja. Wale wakipandishana, tunarudi kwenye hesabu ile ya 12 na nusu. Basenji ilianguka kwa njia hii. Kwa hiyo uliza mwenye dume: imekwisha kupanda jike ngapi hapa muji, na za nani? Pengine dume ya kadiri yenye inatoka Aru ao Beni, yenye haina jamaa hapa, inafaa kuliko ile ya sifa.

Chagua dume yenye inakamilisha jike yako. Jike ni mwoga? Usitafute dume mwoga. Jike iko na jamaa yenye kuchechemea? Tafuta dume yenye baba yake alizeeka akitembea vizuri. Dume yenye imekwisha kuzeeka na iko na afya inafaa kwa hii, juu imeonyesha mwisho wake. Kijana wa mwaka moja hajaonyesha kitu. Angalia pia korodani: zote mbili zinapaswa kushuka. Kama moja ilibaki ndani, usiipandishe, juu kosa hili linapita kwa watoto wake.

Jike isizae mara ya kwanza yenye inatafuta dume. Ngoja ikamilike mwili, karibu miaka 2 kwa imbwa kubwa.

Kosa la pili ni kuacha jike itembee. Jike inabaki na joto karibu juma 3, na katika siku zile inakubali dume mbalimbali. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba wawili ao watatu. Unaweza kulipa dume ya Nyakasanza, kisha usiku jike inatoka chini ya lupango, na kati ya watoto 7 wenye wanazaliwa nyuma ya siku karibu 63, wawili ni wa imbwa ya jirani. Ukiuzisha wote kwa jina la dume moja, umedanganya wanunuzi bila kujua, na mutu mwenye atapandisha watoto wale kesho atafuata ukoo wa uongo. Funga jike juma 3 zote, mbele na nyuma ya kupandisha.

DAFTARI INAFAA KULIKO MUHURI

Kama hauna karatasi ya chama, andika yako. Daftari moja ya mwanafunzi inatosha. Kwa kila imbwa: jina, rangi na alama, tarehe ya kuzaliwa, baba na mama na wenyewe wao, namba ya telefone. Kwa kila kuzaa: tarehe ya kupandisha, watoto wangapi walizaliwa, wangapi walibaki, kila moja alienda kwa nani. Kisha kila mwaka piga telefone kwa wale, uandike: iko muzima? ilikufa na nini? iliuma mutu?

Andika mabaya pia. Hii ni ngumu kwa muuzishaji, juu mabaya yanashusha bei. Lakini Fanconi ilisambaa miaka mingi wakati wazalishaji wengine walikuwa wanaficha imbwa zao zenye kuugua. Watu watatu ao wane wenye wanapandisha Bunia, wakiunganisha madaftari yao, wanakuwa tayari na kitabu ya ukoo ya muji. Munganga wa nyama anaweza kuweka tarehe na saini yake kwa kila chanjo, na mununuzi wa kesho atakuwa na kitu cha kusoma.

USIZARAU IMBWA YA KIJIJI

Mwaka wa 2009, watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha jeni za imbwa za vijiji vya Uganda, Misri na Namibia na za imbwa za ukoo. Basenji ilionekana karibu na imbwa za vijiji za Afrika. Imbwa zingine zenye ziko na majina ya Afrika, kama Rhodesian ridgeback na pharaoh hound, zilionekana kuwa na damu nyingi ya inje. Jina ni jambo moja, damu ni ingine.

Katika Bunia, mutu mwenye iko na imbwa ya kijiji anaona haya, anatafuta kuipandisha na berje ili watoto wapate bei. Ni haki yake. Lakini kila jike ya Mambasa, ya Irumu ao ya Djugu ikipandishwa na berje kila mara, kisha vizazi vichache ukoo wa imbwa za pori utakuwa umepotea, na hakuna kitabu yenye itaurudisha. Imbwa hii imekaa na joto, kupe na chakula kidogo cha upande wetu vizazi na vizazi. Kwa kulinda parsele ndogo, kwa kuwinda, kwa nyumba yenye haiwezi kulisha imbwa ya kilo 35, inatosha.

Kama uko na jike muzuri ya namna hii, yenye akili na yenye miguu mizima, fanya angalau kuzaa moja na dume ya kijiji kingine, yenye haiko jamaa yake. Andika majina mawili ya wazazi katika daftari, na kwa kila mutoto uandike ameenda kwa nani.